Tarehe ya Maumivu na Tarehe ya Mhuri

Hakuna mtumishi wa Serikali wala mwalimu asiyeijua thamani ya tarehe. Barua ya kupandishwa cheo huweza kuandikwa mwezi wa Saba, ikaeleza kwamba cheo kimeanza mwezi wa Nne, na mshahara mpya ukaonekana mwezi wa Kumi. Kati ya tarehe hizo tatu ndimo yanamozaliwa malimbikizo, na ndimo yanamopotelea malimbikizo mengine. Karani anayegonga mhuri wa kupokea barua hudhani kwamba anatimiza utaratibu tu. Kumbe pengine mhuri huo unampa mtu riziki ya mwaka mzima, au unamnyang'anya.

Leo tunataka kulitazama jambo hilo kwa mfano wa nchi nyingine, yaani Marekani, ambako sheria ya fidia za askari wa zamani imeandikwa kwa kirefu, mashauri yake yamefika hadi mahakama ya juu kabisa, na hukumu zake ziko wazi kwa kila mwenye kutaka kuzisoma. Tumechagua swali moja ambalo kwa macho ya haraka laonekana dogo. Askari wa zamani aliumia miguu alipokuwa jeshini, akatambuliwa na kuwekewa kiwango cha fidia. Baada ya miaka miguu ikazidi kuharibika, naye akaomba kiwango chake kiongezwe. Maombi yakakubaliwa. Je, nyongeza hiyo ihesabiwe tangu lini? Tangu siku miguu ilipozidi kuharibika, siku daktari alipoiona, siku dai lilipopokelewa ofisini, au siku alipoitwa kupimwa upya?

Twasema tangu mwanzo kwamba, kwa maoni yetu, pale ambapo hospitali ya Serikali yenyewe imekwisha kuandika kwamba hali ya mtu imezidi, nyongeza yapaswa kuanzia siku hiyo, hata kama mhusika alichelewa kujaza fomu. Sheria ya Marekani iliwahi kukaribia sana msimamo huo, kisha ikauacha. Tunaamini kwamba ilikosea kuuacha.

Mtu asiyewahi kuwa askari anaweza kujiuliza kwa nini tunazungumzia miguu, na hali vita huleta majeraha makubwa zaidi. Jibu ni kwamba jeshi hutembea. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, maelfu mengi ya askari wa Marekani waliokuwa wakipigana Ulaya waliondolewa mstari wa mbele bila ya kupigwa risasi, kwa sababu nyayo zao zilikuwa zimeoza au kuganda kwa kukaa katika mahandaki yenye maji na theluji. Mwezi wa Novemba na Desemba 1950, huko Chosin katika Korea, baridi kali iliwaharibu vidole na nyayo askari wengi waliotoka hai katika mapigano yale. Katika Vietnam, mashamba ya mpunga na vinamasi vya delta ya mto Mekong viliwachubua ngozi askari waliokaa siku nyingi na viatu vilivyolowa. Na sisi huku tunalo jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, watu waliobeba vita vile vichwani mwao na kuvitembea kwa miguu yao, na ambao wengi wao hawakurudi makwao.

Hata pasipo na vita, mazoezi, mizigo mizito ya mgongoni na buti ngumu huweza kuushusha upinde wa unyayo, kuukunja mfupa wa kidole gumba, au kuuchana utando wa chini ya unyayo. Mengi ya maradhi hayo hayaui. Huja polepole, hukaa na mtu maisha yake yote, na humzuia kazi yoyote ya kusimama.

Wizara ya Askari wa Zamani ya Marekani hupima ulemavu kwa asilimia. Kwa unyayo bapa uliopatikana jeshini, hali ndogo huwekwa asilimia 0, yaani ugonjwa hutambuliwa lakini hauna malipo. Hali ya kati huwekwa asilimia 10. Hali kali, yenye unyayo uliopotoka kwa dhahiri, maumivu yanayozidi mtu anapotembea, uvimbe na sugu, huwekwa asilimia 20 kwa mguu mmoja au 30 kwa miguu yote miwili. Hali iliyopindukia, ambayo hata viatu maalumu haviisaidii, huwekwa asilimia 30 kwa mguu mmoja au 50 kwa yote miwili. Maumivu ya utando wa unyayo, yale yanayomchoma mtu kisigino anapokanyaga sakafu asubuhi, yalipewa kifungu chake katika orodha hiyo kuanzia tarehe 7 Februari 2021. Kwa kifungu hicho hakuna awezaye kulipwa kabla ya tarehe hiyo, hata kama kisigino kilimsumbua tangu ujana wake.

Asilimia hizo ni fedha. Kwa viwango vilivyoanza tarehe 1 Desemba 2024, mtu asiye na wategemezi mwenye asilimia 10 alilipwa dola 175.51 kwa mwezi, mwenye asilimia 30 dola 537.42, na mwenye asilimia 50 dola 1,102.04. Kwa hiyo kutoka asilimia 10 hadi 30 ni tofauti ya dola 361.91 kila mwezi. Kwa mtu aliyeacha kazi ya kusimama kiwandani kwa sababu ya miguu, fedha hizo ni kodi ya nyumba au chakula cha watoto.

Sasa tuitazame tarehe. Kanuni kuu ya sheria yao ni kwamba malipo hayawezi kuanzia siku iliyotangulia kupokelewa kwa dai. Hata hivyo, kwa madai ya nyongeza sheria imeacha mlango wazi. Ikiwa ushahidi unaonyesha siku ambayo ulemavu ulizidi, na dai likapokelewa katika muda wa mwaka mmoja tangu siku hiyo, basi nyongeza huhesabiwa tangu siku ulemavu ulipozidi. Mwaka huo mmoja ukipita, nyongeza huhesabiwa tangu siku ya dai. Na fedha zenyewe kwa kawaida huanza kulipwa siku ya kwanza ya mwezi unaofuata.

Tuchukue mfano wa kubuni wa askari wawili wa zamani, wote wenye asilimia 10 kwa unyayo bapa. Wote wawili walipimwa na daktari tarehe 10 Januari 2024, na kwa mara ya kwanza akaandika dalili ambazo kwa orodha tuliyoitaja ni za asilimia 30. Wa kwanza alipeleka dai tarehe 20 Desemba 2024. Hakuwa amemaliza mwaka, kwa hiyo nyongeza yake ilihesabiwa tangu tarehe 10 Januari 2024 na malipo yakaanza tarehe 1 Februari 2024. Wa pili alipeleka dai tarehe 20 Januari 2025, yaani mwezi mmoja tu baada ya mwenzake. Yeye alikuwa ameuvuka mwaka kwa siku kumi. Nyongeza yake ilihesabiwa tangu siku ya dai, na malipo yakaanza tarehe 1 Februari 2025. Kuchelewa mwezi mmoja kumemgharimu miezi kumi na miwili ya nyongeza, zaidi ya dola 4,200. Miguu yao ni sawa, maandishi ya daktari ni sawa, na utumishi wao jeshini ni sawa. Kilichowatofautisha ni kalenda.

Yupo atakayesema kwamba mwanasheria mwema angeweza kumwokoa huyu wa pili kwa kudai apewe angalau miezi kumi na miwili iliyotangulia dai lake, kwa kuwa katika miezi hiyo yote alikuwa mgonjwa. Hoja hiyo imekwisha kupelekwa mahakamani na ikashindwa. Katika shauri la Gaston la mwaka 2010, Mahakama ya Rufani ya Shirikisho iliamua kwamba ni lazima kuzidi kwenyewe kwa ulemavu kuwe kumetokea ndani ya mwaka ule uliotangulia dai. Ikiwa ulemavu ulizidi kabla ya hapo, hakuna cha kurudishwa nyuma.

Matokeo yake ni ya ajabu. Mtu aliyezidiwa miezi kumi kabla ya kudai hulipwa miezi hiyo kumi. Aliyezidiwa miaka mitatu kabla ya kudai halipwi hata mwezi mmoja. Aliyeteseka kwa muda mrefu zaidi ndiye anayepata kidogo zaidi. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Katika jambo hili mvumilivu hula hasara.

Na hapa ndipo ugonjwa wa miguu unapotofautiana na majeraha mengine. Mtu aliyekatika mkono anaijua siku na saa. Upinde wa unyayo hauanguki kwa siku moja. Leo mtu huyu hutembea maili mbili na kesho moja na nusu. Hununua viatu vipana, huweka soli laini ndani yake, humeza dawa ya maumivu, huomba abadilishwe zamu. Jeshi lilimfundisha kwamba kulalamikia miguu ni dalili ya udhaifu, naye aliushika mafunzo yake vyema kuliko walivyotarajia waliomfundisha. Anapokwenda hospitali huenda kutafuta nafuu. Hakumbuki kabisa kwamba siku ile saa ya sheria imeanza kuhesabu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini hata maiti huyu hakuambiwa kwamba anatakiwa kuandika barua.

Hali haikuwa hivi daima. Hadi mwezi Machi 2015 kanuni za Wizara hiyo zilikuwa na kifungu chenye busara. Askari wa zamani aliyekwisha kukubaliwa kwamba ugonjwa wake ulitokana na utumishi, akitibiwa ugonjwa huo huo katika hospitali ya Wizara, taarifa ya matibabu hayo iliweza kuhesabiwa kuwa ni dai la nyongeza lisilo rasmi. Siku aliyoonwa na daktari ndiyo iliyohesabiwa kuwa siku ya dai. Kwa maneno mengine, Serikali ilikubali kwamba inajua kile kinachojulikana na daktari wake.

Tarehe 24 Machi 2015 kifungu hicho kilifutwa. Tangu siku hiyo dai halitambuliwi ila limeletwa kwa fomu iliyowekwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni kurahisisha na kuharakisha kazi kwa mitambo ya kompyuta, ili maofisa wasilazimike kupekua mafaili ya hospitali wakitafuta madai yaliyojificha ndani yake. Baadhi ya vyama vya askari wa zamani viliipinga kanuni hiyo mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ya Shirikisho ilisema kwamba Wizara ilikuwa na uwezo wa kuiweka, na ikabaki.

Hatubishani na mahakama juu ya uwezo wa Wizara. Swali letu ni la haki na busara. Hospitali zile na ofisi zile za mafao zote ni za Wizara moja, chini ya Waziri mmoja. Katika jengo moja daktari wa Serikali huandika kwamba unyayo wa mtu huyu umepotoka, unavimba, na viatu maalumu havimsaidii. Katika jengo la pili ofisa wa Serikali hiyo hiyo husema kwamba hajapata habari. Mkono wa kulia umeandika, na mkono wa kushoto unadai kwamba haujui kusoma. Mzigo wa kuviunganisha viungo hivi viwili vya mwili mmoja umetwishwa mgonjwa, na akichelewa kuubeba, gharama ni yake.

Tunajua kwamba wako wanaoitetea kanuni ya sasa, na hoja zao zina uzito. Wa kwanza husema kwamba Serikali haiwezi kupanga matumizi yake ikiwa kila dai laweza kurudi nyuma miaka kumi au ishirini. Nao wanao ushahidi wa historia. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, tarehe 25 Januari 1879, Rais Rutherford Hayes alitia saini sheria ya malimbikizo ya pensheni, iliyoruhusu pensheni zilizotokana na vita vile kuhesabiwa tangu siku askari alipoachishwa jeshi au alipokufa. Madai mapya yalifurika, mawakala wa kuandika madai wakanufaika, na gharama zikapanda kuliko ilivyotazamiwa. Tangu hapo watunga sheria wa nchi hiyo wamekuwa waangalifu mno na tarehe za kurudi nyuma.

Wa pili husema kwamba kumbukumbu ya mtu si kipimo. Baada ya miaka mitano, nani awezaye kuthibitisha siku ambayo maumivu ya kati yaligeuka kuwa makali? Wa tatu husema kwamba sheria ikianza kuwahurumia waliochelewa, haitajua pa kusimama. Hoja hii ya tatu ilifika hadi Mahakama ya Juu. Adolfo Arellano alitumikia Jeshi la Majini kuanzia mwaka 1977 hadi 1981, na alipeleka dai lake mwaka 2011. Alieleza kwamba ugonjwa wa akili uliotokana na utumishi wake ndio uliomzuia kudai mapema. Tarehe 23 Januari 2023 majaji wote kwa kauli moja walisema kwamba mwaka mmoja ambao sheria humpa askari anayetoka jeshini hauwezi kurefushwa kwa sababu za huruma, kwani Bunge limekwisha kuziorodhesha tofauti zote lilizozitaka. Shauri lake halikuhusu miguu wala nyongeza, lakini fundisho lake ni pana: asiyeridhika na tarehe asitazamie mahakama, aende Bungeni.

Basi na iwe hivyo, jambo hili liende Bungeni. Lakini hoja hizo tatu zipimwe kwa haki. Hofu ya mwaka 1879 ilitokana na madai yaliyorudi nyuma mpaka siku ya kutoka jeshini, mengine yakisimama juu ya kumbukumbu na viapo vya majirani. Sisi tunazungumzia mtu ambaye Wizara imekwisha kumkubali, ambaye anayo namba ya faili na kiwango cha asilimia, na ambaye hali yake imeandikwa na daktari anayelipwa na Serikali. Kumbukumbu yake haihitajiki. Maandishi yapo, yana tarehe na sahihi. Kuhusu gharama, deni ambalo mdai hakulidai kwa wakati halikugeuka kuwa mali ya mdaiwa. Kuhusu shida ya kupekua mafaili, hiyo ndiyo kazi ya ofisi. Tena ni vigumu kuelewa jinsi mitambo iliyosifiwa kwamba itaharakisha kazi inavyoshindwa kupeleka taarifa kutoka hospitali hadi ofisi ya mafao.

Wala asije mtu akasema kwamba sheria hizi ni za kudumu na hazibadiliki. Kwa sheria ya mwaka 1864, wakili aliyemsaidia askari wa zamani katika dai lake hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya dola 10. Kiasi hicho kilibaki dola 10 kwa zaidi ya miaka mia moja na ishirini, hata ikawa askari hawapati mawakili, na mwaka 1985 Mahakama ya Juu ikakataa kukiondoa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1988, Bunge lilikiondoa, na kwa sheria hiyo hiyo likaanzisha mahakama maalumu ya kusikiliza rufani za askari wa zamani, ambao kabla ya hapo hawakuwa na pa kuzipeleka nje ya Wizara. Kilichoonekana kuwa ukuta kilikuwa ni mlango uliofungwa tu.

Haki inatudai tuseme pia kwamba yapo mema katika utaratibu wa sasa. Kanuni zile zile za mwaka 2015 ziliweka taarifa ya nia ya kudai. Askari wa zamani anaweza kuitoa kwa fomu fupi, kwa mtandao, au hata kwa simu kwa ofisa wa Wizara. Akiitoa leo, ana mwaka mmoja wa kukamilisha dai lake, na dai hilo litahesabiwa kana kwamba limepokelewa leo. Tangu tarehe 19 Februari 2019, mtu aliyekataliwa au asiyeridhika na kiwango au tarehe aliyopewa anaweza kuomba faili lake lipitiwe upya, au kuleta ushahidi mpya, au kwenda kwenye Baraza la Rufani. Maadamu hapitishi mwaka mmoja baada ya kila uamuzi, tarehe yake ya kwanza hulindwa. Na sheria inaamuru kwamba ushahidi wa pande mbili ukilingana, shaka iamuliwe kwa manufaa ya askari.

Aidha mahakama ile maalumu imelikemea kosa moja ambalo maofisa hulipenda kwa sababu ya wepesi wake, nalo ni kuianzisha nyongeza siku mtu alipoitwa kupimwa. Katika shauri la mwaka 2015 lililohusu ugonjwa wa masikio, ilisema kwamba tarehe hufuata siku ulemavu ulipozidi, na haifungwi na siku ya kipimo. Kipimo hakileti ugonjwa, huukuta. Mtu anaweza kusubiri miezi kabla ya kuitwa. Kama tarehe ya kuitwa ndiyo ingekuwa tarehe ya haki, ofisi ingekuwa inafaidika kwa uzembe wake yenyewe.

Mema hayo yote, hata hivyo, yana upungufu mmoja. Yanamfaa anayeyajua. Askari wa zamani anayekaa mjini karibu na chama cha wenzake ataambiwa juu ya taarifa ya nia. Yule anayeishi peke yake shambani, aendaye hospitali mara mbili kwa mwaka kubadilishiwa soli za viatu, hana wa kumwambia. Sheria inayowalipa wajuzi na kuwapita wasiojua, na hali maradhi yao ni mamoja, imepungukiwa na usawa.

Kwa hiyo tunaona kwamba mambo matatu yanafaa kufanywa na wenye mamlaka huko. Kwanza, Bunge lao lirudishe kwa sheria kile kilichofutwa kwa kanuni mwaka 2015: matibabu ya ugonjwa uliokwisha kutambuliwa, katika hospitali ya Serikali, yakionyesha kwamba hali imezidi, yahesabiwe kuwa ni dai. Matibabu ya madaktari binafsi yanaweza kuendelea kusubiri fomu, kwa kuwa huko Serikali kweli haikuwa na habari. Pili, liurekebishe mwaka ule mmoja, ili aliyezidiwa zamani asipate pungufu ya aliyezidiwa juzi. Angalau naye alipwe miezi kumi na miwili iliyotangulia dai lake. Tatu, kila daktari wa hospitali hizo anapoandika kwamba hali imezidi, mgonjwa apewe papo hapo karatasi ya taarifa ya nia, aelezwe maana yake, na asaidiwe kuijaza kabla ya kuondoka. Hili la tatu halihitaji hata sheria mpya. Lahitaji mtu mmoja anayejali.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza kwamba hayo yatufaa nini sisi tulio mbali na Washington. Yanatufaa kwa sababu tarehe ni kazi yetu ya kila siku. Mwalimu mkuu anayekaa na fomu ya mwenzake katika mtoto wa meza majuma matatu, karani anayegonga mhuri wa Jumatatu juu ya barua iliyoletwa Ijumaa, ofisa anayemwambia mjane arudi kesho kwa kuwa picha moja imepungua, wote hao wanahamisha tarehe za watu. Pengine hawana nia mbaya hata kidogo. Lakini haki ya mtu hupotea vivyo hivyo, na yule aliyeipoteza hatajua kamwe kwamba ilipotelea katika mtoto wa meza.

Mtumishi wa umma akipokea karatasi, na ajiulize maswali mawili. La kwanza, jambo hili lilitokea lini hasa? La pili, je, ofisi yetu ilikwisha kulijua kwa njia nyingine kabla ya karatasi hii kufika? Akiyajibu kwa uaminifu, atagundua kwamba mara nyingi mwombaji anayeonekana kuwa amechelewa hakuchelewa. Sisi ndio tuliochelewa kumsikia.

Askari yule alipoitwa, hakuambiwa ajaze fomu ya nia ya kutembea. Aliambiwa atembee, akatembea. Serikali iliyoihesabu kila hatua yake alipokuwa kazini inaweza kuihesabu pia siku ambayo miguu yake ilishindwa.